Nyasi za Busia

Paukwa! Mbona mnaitikia kama watu wasiokula tangu jana? Haya, pakawa. Leo mimi Dani, nyanya yenu, sina sungura wala fisi. Hadithi hii ni ya kweli, ya Juni 2013, huko Busia, hapa Kenya.

Msichana wa miaka 16 alikuwa akirudi usiku kutoka matangani kwa babu yake. Kundi la wanaume likamvamia, likambaka, likamtupa ndani ya shimo la choo. Alitoka hai, mgongo umeumia. Watatu kati yao wakakamatwa, wakapelekwa kwa polisi. Mnajua walipewa adhabu gani? Fyekeo. Wafyeke nyasi za kituo, kisha waende zao nyumbani.

Wewe uliyechelewa gwaride Jumatatu, si ulifyeka nyuma ya madarasa? Basi adhabu yenu ilikuwa moja.

Naona mkono. Sema.

“Lakini Dani, usiku huo wote alikuwa anatafuta nini?”

Sikukemei. Swali hilo umelisikia kwa wakubwa: alifuata nini disko matanga, alivaa nini, mbona hakupiga nduru. Nduru! Hofu ikizidi, mwili huganda na sauti haitoki. Na wewe juzi ulitoka Sindo saa mbili usiku na omena ya mama. Ulikuwa unatafuta nini?

“Nyumbani.”

Haya. Naye alikuwa anatafuta nyumbani. Ukimuuliza hivyo, kesi imeshahama: aliyeumizwa anajitetea, aliyeumiza yuko nje na fyekeo, anapiga mluzi.

Na polisi walikuwa wameshaonywa. Mwezi mmoja tu kabla, Mei 27, Mahakama Kuu ya Meru ilikuwa imeamua kesi ya wasichana walionajisiwa, wengine wadogo kuliko ninyi. Jaji Makau alisema polisi walivunja haki zao kwa kutochunguza ipasavyo. Siku hiyo polisi ndio waliotakiwa kujieleza. Kesi ya Busia nayo haikuishia kwenye nyasi: zaidi ya watu milioni moja walitia sahihi kudai haki, na 2015 watatu wakahukumiwa miaka 15 jela.

Wavulana, mnacheka nini? Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inamlinda kila mtoto chini ya miaka 18, hata mvulana, maana naye hutendewa hayo.

Sasa shikeni haya. Rafiki akikwambia yamemkuta, jibu, “Nakuamini.” Maswali yaachie daktari. Msaidie amwambie mtu mzima anayemwamini, afike hospitali upesi, kabla ya saa 72 kwisha, maana dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi haingoji. Asioge kwanza, ingawa atatamani sana. Nguo asizifue, zikunjwe ndani ya mfuko wa karatasi. Plastiki hufungia unyevu, na ushahidi huoza. Asiye na mtu mzima wa kumwambia apige 116, simu ya watoto. Hailipishwi.

Nani hapa ana karatasi nyumbani? Hata ile ya kufungia unga. Vizuri. Na namba ni ngapi?

“116!”

Wewe wa nyuma sikukusikia.