Ndugu anayekata maneno: ni kiburi au ni ubongo?



Siku moja, katika mkutano wa wazee, nilimkemea ndugu mmoja mbele ya wote. Alikuwa anakata maneno ya wenzake na kujibu kabla ulizo halijaisha. Nilimwambia amekosa kiasi, tunda la Roho. Akajibu: «Pasta, neno linatoka ndipo ninajua nilipaswa kulizuia.» Baadaye daktari alimweleza kwamba ana ADHD, hali ya ubongo inayoanza utotoni, ambayo kwa wengi haiishi ukubwani.

Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso inafanya kazi kama breki. Fikiri mwenye piki anayeteremka kutoka Kadutu: mtoto akikatiza barabara, mkono lazima uwahi breki. Wachunguzi wanapima jambo hilo hivi: mtu anafinya kifungo kila anapoona alama, lakini mara moja moja sauti inalia ili asifinye. Wengi wanazuia mkono kwa karibu robo ya sekunde. Kwa wastani, watu wazima wenye ADHD wanachelewa zaidi, na mara nyingi picha zimeonyesha breki hiyo ikifanya kazi kidogo kuliko kwa wengine. Huo ni wastani wa kundi. Picha peke yake haitoshi kumtambua mgonjwa.

Kosa letu si geni. Mwaka 1902, huko London, daktari George Still alieleza habari za watoto wenye akili nzuri wasioweza kujizuia. Aliita hali hiyo upungufu wa kujitawala kimaadili, lakini hata yeye aliitafutia chanzo mwilini.

Je, basi hakuna dhambi tena? Hapana. Ndugu yule bado anaomba msamaha akimwumiza mtu. Lakini mwenye breki inayochelewa hasaidiwi kwa kelele. Anasaidiwa kuanza kufunga breki mapema. Sasa anaandika neno lake kwenye karatasi kabla ya kuinua mkono, na mzee mmoja anakaa karibu naye.

Tujihadhari pia. Hapa Kivu, vita, hofu na kukosa usingizi vinaleta dalili zinazofanana. Kutambua ni kazi ya waganga wa akili, kama wale wa kituo cha SOSAME hapa Bukavu. Kazi yetu ni kuomba na kusindikiza, si kumkataza mtu dawa.

Nami nilimwomba ndugu yule msamaha, mbele ya wazee walewale.