Maniema: Kabla mashine haijaingia mtoni, wakaaji waulizwe kwanza

Katika vijiji vingi vya teritware za Kasongo na Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, watu wanachota maji mtoni. Mchanga wa dhahabu nao unaoshwa mtoni, hasa Kabambare, upande wa Salamabila na Namoya.

Sheria iko wazi. Kifungu cha 21 cha sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 kinasema kila mradi unaoweza kugusa mazingira, uwe wa madini, wa shamba ao wa barabara, lazima kwanza ufanyiwe uchunguzi wa madhara yake. Shirika la Kongo la Mazingira, ACE, ndilo linalopima uchunguzi huo kabla cheti hakijatolewa. Sheria inaagiza pia wakaaji waelezwe mradi na watoe maoni yao mapema.

Kwa hiyo kibali cha kuchimba peke yake hakitoshi. Mto ukigeuzwa njia ao bonde likichimbuliwa, matope yanashukia vijiji vya chini. Zebaki inayotumiwa kukamata dhahabu inaingia ndani ya samaki. Na Luama hauishii Kabambare: maji yake yanaingia Lualaba.

Chifu wa kijiji akiona mashine zinashushwa kando ya mto, aulize mambo mawili: cheti cha mazingira kiko wapi, na wakaaji walisikilizwa siku gani? Bonde likisha kuchimbuliwa, maswali hayo yatakuwa yamechelewa.