Bushi za Lori: Mpira au Poliyurethani?

Ndugu msomaji, huenda wewe huna lori. Lakini mahindi na machungwa yako husafiri kwa lori, na pengine nawe hukaa juu ya magunia hayo. Basi habari hii yakuhusu.

Barabara ya Handeni hadi Korogwe, yapata kilomita 65, ina lami. Lakini mzigo hauanzii kwenye lami. Huanzia shambani, katika njia za udongo zenye makorongo na mawe. Huko ndiko bushi zinakofia.

Bushi ni nini? Katika malori mengi madogo na pikapu, ni kipande mfano wa bomba fupi kinachokaa ndani ya jicho la springi, na pini hupita katikati yake. Huzuia chuma kisigonge chuma, tena hupunguza mtikisiko. Bushi zikilika, utasikia kishindo kila shimo, matairi yataisha upesi, na ekseli itahama mahali pake. Hapo lori lililojaa laweza kumshinda dereva katika kona.

Dukani utaonyeshwa aina mbili. Ya kwanza ni ya mpira. Mpira wa asili ni utomvu wa mti. Hapa mkoani Tanga miti hiyo imepandwa Kihuhwi, Muheza. Mwaka 1839 Charles Goodyear wa Marekani aligundua kwamba utomvu huo ukichanganywa na salfa na kupikwa, hauyeyuki kwa joto. Bushi ya mpira hunyumbulika, humeza mtikisiko, wala haitaki grisi. Adui zake ni oili, joto kali na uzee, hupasuka.

Ya pili ni ya poliyurethani, kitu kilichovumbuliwa na Otto Bayer na wenzake huko Ujerumani mwaka 1937. Ni ngumu zaidi, haiharibiwi upesi na oili, na hupunguza kuyumba kwa lori lenye mzigo. Lakini hupitisha mtikisiko mwingi zaidi hadi kwenye chesisi. Tena yataka grisi yake maalumu. Ikikauka hulia kama bawaba kavu, na vumbi likiingia huisaga.

Uchague ipi? Usiulize bei kwanza. Uliza nani atailinda. Kama lori hupita mikononi mwa madereva wengi, na hakuna wa kulifungua na kulipaka grisi, nunua mpira ulio imara. Kama dereva ni mmoja, mwangalifu, na mzigo ni mzito daima, poliyurethani yaweza kukufaa.

Njia ya tatu iepuke. Sisi parokiani tulikubali bushi zilizochongwa kwa tairi kuukuu, maana zilikuwa rahisi. Kabla mahindi yote hayajafika Korogwe, pini ilikuwa imekula jicho la springi. Tukanunua springi nzima.

Kwa hiyo, kabla ya mavuno, mwombe fundi atie mtaimbo karibu na jicho la springi na kusukuma. Kama pini yacheza, badilisha bushi za pande zote mbili, aina moja. Bushi za mpira zikazwe mwisho lori likiwa limesimama juu ya magurudumu yake, la sivyo zitajipinda na kuchanika mapema.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na juu ya lori hilo wamekaa watoto wetu.