Safari ya Peke Yetu

Mnamo Septemba 1960 mwandishi John Steinbeck, mwenye umri wa miaka 58, aliondoka New York kuizunguka Marekani kwa gari, pamoja na mbwa wake Charley. Aliona kwamba haifahamu tena nchi aliyokuwa akiiandika.

Sisi nasi huchoka, tukatamani kwenda mbali. Nabii Eliya alikwenda jangwani peke yake, akaomba afe. Mungu hakumkemea, alimwacha alale, akamtuma malaika na mkate na maji. Kisha, kule Horebu, alimwuliza anafanya nini huko, akamrudisha kazini.

Basi tusione haya kupumzika. Lakini kabla ya kufunga mizigo tujiulize: tunakimbia nini, na ni nani anayetungoja nyumbani?