Uchumi, Hisabati na Takwimu: Mafiga Matatu ya Chungu Kimoja

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa jifya moja haliinjiki chungu. Methali hii hutumiwa aghalabu kuhimiza ushirikiano wa watu, lakini inaeleza barabara pia uhusiano wa fani tatu zinazofundishwa pamoja katika vyuo vikuu vingi duniani, nazo ni uchumi, hisabati na takwimu. Humu nchini, Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Kenyatta hutoa shahada ya Uchumi na Takwimu, ambayo haiwezekani kusomwa bila msingi imara wa hisabati. Nchini India, vipo vyuo ambamo mwanafunzi husomea fani zote tatu kwa uzito sawa katika shahada moja. Nchini Uingereza, Chuo Kikuu cha Warwick kina shahada inayoziunganisha fani hizo na taaluma ya utafiti wa uendeshaji.

Hata hivyo, sababu ya muungano huu haiwi wazi kila mara, hata kwa wanaousomea. Wapo wanafunzi wanaojiunga na uchumi wakidhani kuwa ni somo la maelezo tu kuhusu biashara na serikali, kisha wakashtuka wanapokabidhiwa milinganyo. Wapo pia wapenzi wa hisabati wanaouona uchumi kuwa mjadala usio na mwisho, na wanaoichukulia takwimu kuwa kazi ya kujumlisha na kuchora majedwali. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba fani hizi husomwa pamoja kwa sababu dai lolote kuhusu maisha ya watu hulazimika kupimwa kwa mizani zote tatu kabla ya kuaminiwa. Aidha, yataonyesha kuwa matokeo ya upimaji huo humfikia mwananchi kupitia lugha, na hapo ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapoingia.

Kazi ya Kila Fani

Neno uchumi linatokana na kitenzi chuma, chenye maana ya kutungua matunda au kupata faida. Hisabati na takwimu ni maneno yenye asili ya Kiarabu. Asili hizi mbili zinadokeza tofauti ya majukumu. Uchumi huanzia kwa watu na riziki yao. Huuliza wanachagua nini pale mahitaji yanapozidi uwezo, na uchaguzi huo unawaathiri vipi wengine. Hisabati haiulizi habari za watu. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba, iwapo mambo fulani yamekubaliwa, yale yanayofuata yanafuata kweli. Takwimu nayo hutazama yaliyotokea hasa, ikapima ni kiasi gani cha yale yaliyoonekana kinaweza kuwa sadfa tu.

Kwa hiyo, uchumi pasi na hisabati unaweza kuwa na hoja tamu zinazopingana zenyewe kwa zenyewe. Hisabati pasi na uchumi inaweza kujenga jumba la fikra lisilokaliwa na mtu. Nayo takwimu ikikosa zote mbili huweza kugundua kwamba mambo mawili yanakwenda sambamba, isijue lipi linalivuta jingine.

Historia Fupi ya Muungano

Muungano huu haukuwapo tangu azali. Mnamo mwaka wa 1926, mtaalamu wa Norway, Ragnar Frisch, alibuni jina la taaluma inayoziunganisha fani hizi, yaani ekonometriki. Tarehe 29 Desemba 1930, Frisch na wenzake, akiwemo Mmarekani Irving Fisher, walianzisha chama cha kimataifa cha taaluma hiyo mjini Cleveland, Marekani. Lengo la chama hicho lilitajwa bayana kuwa ni kuendeleza nadharia ya uchumi katika uhusiano wake na takwimu na hisabati. Jarida lake, Econometrica, lilianza kuchapishwa mwaka wa 1933, na katika toleo la kwanza Frisch alisisitiza kuwa hakuna mojawapo ya fani hizo tatu inayotosha peke yake. Tuzo ya Nobel ya uchumi ilipotolewa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1969, waliotunukiwa ni Frisch pamoja na Jan Tinbergen wa Uholanzi.

Mfano wa Sokoni

Ili kulielewa jambo hili, na tuchukue mfano wa kubuni. Muuza duka huuza pakiti 50 za unga wa mahindi kwa siku, kila pakiti kwa shilingi 100. Bei inapopanda hadi shilingi 110, anauza pakiti 48. Je, amepata au amepoteza?

Uchumi hutangulia kwa kueleza kwa nini wateja hawakupungua sana. Unga ni chakula cha kila siku, na mbadala wake wa bei nafuu ni wachache. Hisabati hufuata kwa kuyaweka maelezo hayo katika kipimo. Bei imepanda kwa asilimia 10, na mauzo yamepungua kwa asilimia 4. Uwiano wa mabadiliko hayo, unaoitwa unyumbufu wa mahitaji, ni 0.4. Hisabati huthibitisha kwamba, maadamu kipimo hiki kiko chini ya moja, kupanda kwa bei kidogo huongeza mapato ya muuzaji. Ndivyo ilivyokuwa hapa, kwani mapato yake yalitoka shilingi 5,000 yakawa 5,280. Hitimisho hilo lina uzito mkubwa kwa umma. Kodi inayotozwa bidhaa ya aina hii huiletea serikali mapato ya uhakika, lakini mzigo wake humwelemea mnunuzi, hasa maskini ambaye sehemu kubwa ya kipato chake huishia kwenye chakula.

Lakini takwimu haikubali kunyamaza. Je, pakiti mbili zilizopungua zilipungua kwa sababu ya bei, au kwa sababu mishahara ilikuwa haijalipwa? Duka moja na siku mbili zinaweza kuwakilisha soko zima? Lipo pia swali gumu zaidi. Bei inayoonekana sokoni ni mahali ambapo mahitaji na ugavi vimekutana. Mtafiti akikusanya bei na mauzo ya miaka 20 bila uangalifu, hatajua kama mstari anaouchora ni wa wanunuzi, wa wauzaji, au mchanganyiko usio na maana.

Suluhisho mojawapo la tatizo hili lilielezwa na Philip Wright, Mmarekani, katika kitabu chake cha mwaka wa 1928. Alipendekeza kutafutwa kitu kinachousukuma upande mmoja tu wa soko. Ukame, kwa mfano, hupunguza mavuno ya mahindi lakini hauondoi njaa ya walaji. Kwa hiyo, bei zinapobadilika kwa sababu ya mvua kukosekana, mtafiti anaweza kuona jinsi wanunuzi wanavyoitikia. Mwaka wa 1944, Trygve Haavelmo, aliyekuwa mwanafunzi wa Frisch, alionyesha kwamba data ya uchumi inapaswa kuchunguzwa kwa misingi ya nadharia ya uwezekano. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka wa 1989. Suluhisho la Wright lenyewe linaonyesha mafiga yote matatu yakifanya kazi. Uchumi ulijua mvua inaathiri nani, hisabati ikathibitisha kuwa njia hiyo inafaa, na takwimu ikakadiria jibu.

Funzo Kutoka Busia

Mfano ulio karibu nasi zaidi unatoka magharibi mwa Kenya. Katika miaka ya 1990, shule nyingi za msingi za Busia na Teso zilikuwa na upungufu mkubwa wa vitabu vya kiada. Ilidhaniwa kuwa dawa yake ilijulikana, yaani wape wanafunzi vitabu na alama zao zitapanda. Watafiti Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walilichunguza dai hilo kupitia mradi uliohusisha shule 100. Shule 25 kati ya hizo zilipewa vitabu mwaka wa 1996 kwa utaratibu wa mgao usiotegemea ubora wala utajiri wa shule.

Mgao wa namna hiyo ni hekima ya takwimu. Lau vitabu vingepelekwa kwa shule zilizoviomba, tofauti ya alama ingeweza kuletwa na bidii ya walimu wakuu wa shule hizo wala si vitabu. Hisabati nayo ilieleza kwa nini ilihitajika idadi kubwa ya shule wala si ya wanafunzi pekee. Wanafunzi wa shule moja hufundishwa na walimu walewale na huishi katika mazingira mamoja, hivyo alama zao hufanana. Wanafunzi 1,000 wa shule mbili hawatoi habari nyingi kama wanafunzi 1,000 wa shule 50.

Matokeo, ambayo yalichapishwa mwaka wa 2009, yaliwashangaza wengi. Kwa wastani, vitabu havikuonekana kupandisha alama. Mtu mwenye pupa angeliishia hapo na kutangaza kuwa vitabu havina faida. Watafiti walipotazama ndani ya wastani huo, waligundua kuwa wanafunzi waliokuwa wakifanya vizuri tangu awali walinufaika, ilhali wengine hawakunufaika. Ufafanuzi walioutoa unapaswa kumgusa kila mwanafunzi wa lugha. Vitabu hivyo viliandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa wanafunzi wengi wa eneo hilo kilikuwa lugha ya tatu, na mtaala wenyewe uliwafaa zaidi waliokuwa mbele. Kitabu kilimfikia mtoto mkononi lakini hakikumfikia akilini.

Mwaka wa 2019, Kremer alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo kwa majaribio ya aina hii kuhusu umaskini. Ni dhahiri kuwa bila takwimu, kushindwa kwa vitabu kusingejulikana, na bila nadharia ya kueleza tabia za watu na taasisi, sababu yake isingetafutwa.

Nafasi ya Kiswahili

Iwapo lugha ilikuwa kizingiti katika madarasa ya Busia, haishangazi kuwa ni kizingiti pia katika mazungumzo ya taifa kuhusu uchumi. Kila mwezi, Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) hutangaza kiwango cha mfumuko wa bei. Tuseme kiwango hicho kimeshuka kutoka asilimia 8 mwaka mmoja hadi asilimia 5 mwaka unaofuata. Mtangazaji asiyeelewa atasema kuwa bei zimeshuka. La hasha! Kilichogharimu shilingi 100 kilifika 108, kisha kikafika 113 na senti 40. Kilichoshuka ni kasi ya kupanda. Msikilizaji aliyetoka dukani atahisi kuwa anadanganywa, na imani yake kwa takwimu zote itapungua.

Kiswahili hakina uhaba wa maneno katika uwanja huu. Tatizo kubwa ni mipaka ya maana. Neno uwezekano hutumiwa kwa jambo linaloweza kutukia na pia kwa kipimo cha tarakimu kati ya sifuri na moja. Neno wastani humaanisha hesabu iliyogawanywa sawa, lakini pia humaanisha kiasi kisicho kikubwa wala kidogo, kama katika mvua ya wastani. Neno kosa, linapotumiwa katika takwimu, halimlaumu mtu yeyote, kwani hutaja tofauti isiyoepukika kati ya sampuli na jamii nzima. Msomaji asiyeelezwa atafikiri kuwa mtafiti amekiri kuharibu kazi. Hali kadhalika, uhusiano wa mambo mawili hutafsiriwa mara nyingi kana kwamba jambo moja limesababisha jingine.

Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hadhi hiyo itakuwa na maana zaidi iwapo bajeti, kodi na matokeo ya sensa vitaweza kujadiliwa kwa Kiswahili bila kupotoshwa. Kazi hii haiwezi kuachiwa wanauchumi pekee, ambao husomea fani zao kwa Kiingereza. Wala haiwezi kufanywa na mwanaisimu asiyejua tofauti kati ya kiwango na kasi. Inahitaji watu wa pande zote mbili kukaa pamoja, istilahi moja baada ya nyingine.

Hitimisho

Imebainika kuwa kusomea uchumi, hisabati na takwimu kwa pamoja si kujitwika mizigo mitatu. Ni kujifunza kulipima dai moja kwa njia tatu, yaani kuuliza lina maana gani kwa watu, hoja zake zinafuatana vipi, na ushahidi wake una nguvu kiasi gani. Anayeanza masomo haya atafanya vyema kuiheshimu hisabati ya mwaka wa kwanza hata kabla hajaona faida yake, kwa kuwa ndiyo itakayombeba atakapofikia ekonometriki. Naye mwanafunzi wa Kiswahili ana shughuli ya kufanya nje ya riwaya na ushairi. Mtaalamu anaweza kulipima jambo kwa usahihi na mwananchi asilielewe, kama vile vitabu vya Busia vilivyofika darasani bila kuwafikia wengi waliokusudiwa.