Mtoto Mwenye Usonji: Tuanze na Tiba Ipi?

Mzazi akishaambiwa kuwa mwanawe ana usonji, swali linalofuata mara nyingi ni hili: "Daktari, nimlete mara ngapi kwa wiki?" Namwelewa. Saa zinahesabika na zinalipiwa, na aliyelipa anajiona amefanya jambo. Lakini kwa mtoto wa miaka miwili au mitatu, kwanza uliza nani anafundishwa humo chumbani: mtoto peke yake, au mtoto pamoja na wewe unayemlisha, unayemwogesha na kulala naye?

Huku kuhesabu saa kuna chimbuko lake. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Ivar Lovaas wa Los Angeles, Marekani, alichapisha matokeo ya watoto 19 waliofundishwa saa zipatazo 40 kwa wiki, kwa miaka miwili au zaidi. Tisa kati yao, aliandika, walimaliza darasa la kwanza la kawaida na kupata alama za kawaida katika vipimo vya akili. Habari ilivuma, na hadi leo wapo wanaozitaja saa 40 kana kwamba ni dozi. Lisilovuma ni kwamba watoto hao na wale waliolinganishwa nao hawakugawanywa kwa kura, na kwamba kukaripiwa, na mara nyingine kupigwa kofi la pajani, kulikuwa sehemu ya mafunzo. Mbinu hizo zimebadilika sana tangu hapo. Bado, ukikutana na mtu anayesema mtoto wako anahitaji "kunyooshwa", mchukue mwanao muondoke.

Njia ninayotaka wazazi waijue ilijaribiwa Uingereza na Jonathan Green wa Manchester na wenzake, kwa watoto 152 wa chini ya miaka mitano waliogawanywa kwa kura. Inaitwa PACT. Mtaalamu hamgusi mtoto. Anarekodi video fupi ya mzazi na mwanawe wakicheza, kisha wanaitazama pamoja, pole pole, wakirudia vipande.

Mathalani, mtoto anazungusha tairi la kigari. Mara anakiinua kidogo na jicho lake linapita usoni kwa mama, kufumba na kufumbua. Mama hakuona, wakati huo alikuwa anauliza, "Hii rangi gani? Sema nyekundu! Sema!" Kwenye video analiona lile jicho. Safari nyingine anakaa kimya, anasubiri, na mtoto akimtazama anasema neno moja tu: "Gari." Ndiyo tiba yenyewe, nayo ni ngumu kuliko inavyosikika, maana kunyamaza mbele ya mtoto asiyeongea kunamuumiza mzazi.

Matokeo ya kwanza, mwaka 2010, yalikuwa ya wastani: wazazi na watoto waliwasiliana vizuri zaidi, lakini dalili hazikupungua kwa kiasi cha kujivunia. Watoto hao walipofuatiliwa miaka kadhaa baadaye, taarifa ya 2016 ilionyesha wenye dalili kali walikuwa asilimia 46 kwa waliopata PACT, na 63 kwa wenzao wasioipata. Usonji haukuondoka, ila maisha yalipata nafuu. Kwetu, ambako wataalamu wa usemi ni wa kutafuta kwa tochi, jaribio la njia ya aina hii huko Goa, India, na Rawalpindi, Pakistani, lina uzito zaidi: watoto 65, na waliowaelekeza wazazi hawakuwa wataalamu bali watu waliopewa mafunzo na kusimamiwa. Mawasiliano kati ya mzazi na mtoto yaliimarika huko pia.

Kabla ya yote hayo mtoto apimwe masikio. Na ukipewa kadi za picha ili aombe maji au chakula kwa kuonyesha, zipokee, hazimzuii kuongea.

Dawa za "kutoa sumu mwilini" zikatae kabisa. Mwaka 2005 mtoto wa miaka mitano alifariki Pennsylvania, Marekani, akiwekewa mshipani dawa ya aina hiyo, ya kuondoa madini mwilini.

Ukifika kituoni, omba kukaa ndani wakati wa kipindi, na uliza utafanya nini nyumbani jioni hiyo. Wakikujibu kwamba mzazi husubiri nje na kazi yako ni kulipa, tafuta pengine.