Nani Alimfungulia Yasmin Mlango?

Shule ya Sekondari ya Pugu imekaa vilimani, mbali kidogo na kelele za Dar es Salaam. Wazee wetu waliijua kwa jina la St. Francis, na hapana mwanachama asiyejua kwamba Mwalimu Julius Nyerere alifundisha pale hadi mwaka 1955, alipotakiwa achague moja kati ya mawili, ualimu au siasa, naye akachagua siasa. Kwa hiyo si ajabu kijana anayeisoma Vuta N'kuvute akiwa Pugu akavutwa upesi na Denge. Denge naye ni msomi aliyerudi kwao kutoka Urusi, akaacha kutafuta kiti cha ofisini ili apambane na wakoloni. Wenzetu wa chama na wa vyama vya wafanyakazi humpenda kwa sababu hiyo hiyo.

Lakini mtu wa kumtazama kwanza katika riwaya hii si Denge. Ni Mwajuma.

Kitabu hiki cha Adam Shafi, kilichotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 1999, chatupeleka Unguja katika siku za jioni za ukoloni. Yasmin ni binti wa Kihindi mwenye umri wa miaka 15. Ameozwa kwa Bwana Raza, mwenye duka, mtu aliyemzidi umri kiasi cha kumfaa kuwa baba yake, tena baba mzee. Katika shauri hilo hakuna aliyeona haja ya kumwuliza mwenyewe. Basi upweke wake haukuanza siku ya kufukuzwa. Ulianza siku ya arusi, nyumba ilipojaa ndugu na vyakula na pongezi. Mwandishi ameliona hilo vizuri sana. Mara nyingi sisi hudhani mpweke ni yule asiye na watu, kumbe yuko mpweke mwingine ambaye watu anao tele, na kila mmoja wao amekwisha mwamulia maisha yake.

Raza anamhamishia Mombasa. Huko msichana anachoka, anaiacha ndoa na kurudi Unguja, akitumaini kwamba damu ni damu. Jamaa zake wanamfungia mlango. Aibu imewazidi huruma. Hapo ndipo anapokwenda kubisha hodi kwa Mwajuma, mwanamke wa Kiswahili waliyejuana kwa ujirani, anayekaa Ng'ambo, upande wa mji waliokuwa wakikaa wanyonge. Mwajuma ni maskini, mpenda taarabu na starehe, na wenye heshima zao wangeweza kumpita njiani bila ya kumtolea salamu. Chumba chake ni kidogo. Anamkaribisha.

Yafaa tukumbuke Unguja ya wakati ule ilikuwaje. Serikali ya Kiingereza iliwahesabu watu kwa asili zao, huyu Mwarabu, huyu Mhindi, huyu Mwafrika, na shule, vilabu na hata mitaa ilifuata hesabu hiyo. Denge na wenzake, akina Mambo, Sukutua na Huseni, wanafanya kazi ya siri usiku na mchana ili watu wa visiwa waungane kumwondoa mtawala. Ni kazi ya ushujaa, nami sina nia ya kuipunguza hata chembe. Ila Mwajuma, ambaye hakufika Urusi, alikuwa amekwisha kuuvuka mpaka ule wa rangi kwa kugawana chumba chake na binti wa kabila jingine.

Urafiki wa Denge ni wa namna nyingine. Wapelelezi wa Inspekta Wright wanamwandama, na mtu anayeandamwa hawezi kumwahidi mwenzake hata jioni moja. Yasmin anampenda, naye Denge anampenda, hapana shaka. Lakini msichana anaota nyumba na mume wa kumwona asubuhi, na kijana anaota nchi huru, na ndoto hizo mbili hazikupata paa moja la kulalia. Mwisho wake Yasmin anaolewa na Bukheti. Wako wanaomlaumu kwa hilo, wakisema amekosa uvumilivu wa mke wa mpigania uhuru. Mimi simlaumu. Mtu aliyekwisha fungiwa mlango na damu yake ana haki ya kuchagua nyumba ambayo mlango wake haupigwi mateke na polisi. Na Denge, aliyetaka kuwafaa watu wote, ndiye anayebaki bila ya yule mmoja. Shafi hakuificha gharama hiyo, wala hakuifanya ndogo ili tufurahi.

Amil Shivji aliigeuza riwaya hii kuwa filamu mwaka 2021, ikaonyeshwa hata Toronto, nasi tulifurahi kama ilivyostahili. Madarasani mambo ni mengine. Aghalabu kitabu hukatwakatwa vipande kwa ajili ya mtihani: dhamira, wahusika, mafunzo. Denge hupewa ukurasa mzima. Mwajuma huandikiwa mstari mmoja tu, kwamba ni rafiki wa Yasmin na kwamba anapenda pombe, kisha mwanafunzi hugeuza karatasi. Walimu wetu wangewauliza vijana swali moja zaidi: kama Mwajuma asingekuwako, Denge na Yasmin wangekutana wapi?

Kijana aliyefika Pugu kutoka Kigoma na tranka lake, asiyemjua mtu bwenini, swali hilo analiweza kuliko anavyodhani mwalimu wake. Na mfanyakazi analiweza pia. Wangapi miongoni mwetu tunaopanga vyumba Pugu, Gongo la Mboto na Chanika, tukiamka kabla ya adhana kuwahi bandarini au Kariakoo, tulianza maisha ya mji huu juu ya mkeka wa mtu ambaye si ndugu yetu? Mtu huyo hakuwa na cheo, hakupata kusimama jukwaani, na pengine majirani walimsema vibaya. Jioni ile alisogeza vyombo pembeni, akatandika, akasema pahali pa kulala pamepatikana, mengine tutayajua kesho.